Kupanga mti wa mwanga na kugawa rangi kwa haki: mwongozo wa maltikasti kwenye mkongo wa faiba

Studio iliyoko Dodoma inataka picha zake zifike Dar es Salaam, Mbeya, Arusha na Mwanza kwa wakati mmoja. Unaweza kutuma nakala nne, kila mji na yake, hata kama nakala mbili zitapita kwenye uzi uleule kwa mamia ya kilomita. Unaweza pia kutuma nakala moja, ikasafiri peke yake mpaka pale njia zinapoachana, na hapo ndipo ijigawe. Namna hii ya pili ndiyo maltikasti: kutuma mara moja kwa wote walioomba.

Kwenye mtandao wa kawaida, kunakili ni kazi ya ruta, kifaa kinachoelekeza data. Kwenye mkongo wa faiba mwanga wenyewe unaweza kufanya kazi hiyo. Splita, kifaa kidogo kisichohitaji umeme, hupokea mwanga upande mmoja na kuutoa kwenye matundu mawili, manne au zaidi. Mwaka 1999 Laxman Sahasrabuddhe na Biswanath Mukherjee walieleza jinsi ya kujenga njia nzima ya maltikasti kwa namna hiyo kwenye mikongo mirefu, wakaiita mti wa mwanga. Mzizi ni kituo kinachotuma, majani ni vituo vinavyopokea.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au fundi anayejua misingi ya faiba na anataka kupanga miti hiyo kwa mkono, kwa kalamu na karatasi, kabla hajaiachia programu. Nimekuwa nikiona kazi hii ikigawanywa kwa watu wawili: mmoja anachora njia, mwingine anagawa uwezo baadaye, wakati njia zimeshafungwa. Sikubaliani na mpangilio huo, na mfano tutakaoufanya hapa utaonyesha sababu. Utakapofika kwenye hatua ya saba utaona kilomita 40 zikimaliza ugomvi ambao kanuni mbili za mgawo zilishindwa kuumaliza.

Neno moja la istilahi kabla hatujaanza. Uzi mmoja wa faiba hubeba mawimbi mengi ya mwanga yenye urefu tofauti, na kila wimbi ni barabara inayojitegemea. Nitayaita rangi, ingawa jicho haliyaoni, kwa kuwa mikongo mirefu hutumia eneo la nanomita 1530 hadi 1565, nje ya mwanga unaoonekana.

Hatua ya 1: Hakikisha kazi inastahili rangi nzima

Rangi moja kwenye mfano wetu inabeba Gbps 10 (gigabiti 10 kwa sekunde). Mkondo mmoja wa picha za HD zisizobanwa, kama zinavyotoka kwenye kamera ya studio, unakula karibu Gbps 1.5, kwa hiyo rangi moja inabeba mikondo sita. Hapo mti wa mwanga una maana. Mkondo uliobanwa kwa ajili ya runinga za majumbani ni wa Mbps (megabiti kwa sekunde) chache tu, na kuupa rangi nzima ni kukodi basi kwa abiria mmoja. Kazi ndogo za namna hiyo ziachie ruta, zifanye maltikasti ya IP (ya pakiti za kawaida za intaneti) ndani ya rangi inayobeba mengine pia.

Wateja wa kweli wa miti ya mwanga ni wachache na wakubwa: studio, vituo vya data vinavyonakili hifadhi zao kwenda miji kadhaa, vyuo na maabara zinazogawana mafaili makubwa mno.

Hatua ya 2: Chora ramani, uandike namba kwenye kila kiungo

Huu ni mtandao wa mazoezi. Si ramani ya Mkongo wa Taifa wala ya kampuni yoyote. Nimechukua miji minane ya Tanzania na umbali wa barabara wa kukadiria, nikaukata kwenye makumi, kwa sababu faiba nyingi hufuata barabara, reli au nguzo za umeme.

Dodoma–Morogoro: km 260
Morogoro–Dar es Salaam: km 190
Dodoma–Iringa: km 270
Morogoro–Iringa: km 310
Iringa–Mbeya: km 340
Dodoma–Singida: km 240
Dodoma–Arusha: km 430
Singida–Arusha: km 330
Singida–Mwanza: km 460
Dar es Salaam–Arusha: km 640

Kila kiungo kina nyuzi mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Usisahau hili unapohesabu nafasi: anayetuma kutoka Dar kwenda Dodoma hashindani na anayetuma kutoka Dodoma kwenda Dar. Wanaoanza kazi hii hujumlisha pande zote mbili, wakaona msongamano usiokuwepo.

Pembeni ya kila mji andika mambo mawili: je, kuna splita? Je, kuna kifaa cha kubadilisha rangi? Kwenye mikongo mingi jibu la swali la pili ni hapana, kwa kuwa kubadilisha rangi maana yake ni kuugeuza mwanga kuwa umeme na kuurudisha tena kuwa mwanga, na vifaa hivyo ni ghali. Tuchukulie splita zipo Dodoma, Morogoro na Singida, na vibadilisha rangi havipo popote.

Hatua ya 3: Otesha mti kutoka kwenye mzizi

Kutafuta mti mfupi kabisa unaounganisha vituo fulani, huku ukiruhusiwa kupitia vituo vingine, huitwa tatizo la mti wa Steiner. Richard Karp aliliweka kwenye orodha yake ya matatizo magumu 21 mwaka 1972, na mpaka leo hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kupata jibu kamili kwenye mtandao mkubwa. Ila kuna njia nyepesi ya Takahashi na Matsuyama, ya mwaka 1980, ambayo mti wake hauzidi mara mbili ya ule mfupi kabisa. Inafanyika hivi: anza na mzizi peke yake, tafuta mpokeaji aliye karibu zaidi na mti ulionao, muunganishe, kisha rudia mpaka wote waingie.

Mzizi ni Dodoma. Aliye karibu zaidi ni Arusha, km 430 moja kwa moja. Anafuata Dar es Salaam kupitia Morogoro, km 450. Kisha Mbeya: kutoka Dodoma kupitia Iringa ni km 610, kutoka Morogoro ambayo tayari iko kwenye mti ni km 650, kwa hiyo tunachukua ya Dodoma. Mwisho Mwanza: kutoka Dodoma kupitia Singida ni km 700, kutoka Arusha kupitia Singida ni km 790. Tunachukua km 700.

Jumla ya mti: 430 + 450 + 610 + 700 = km 2,190.

Hatua ya 4: Kata tawi mojamoja, uliunganishe upya

Wengi huishia hatua ya tatu. Usiishie hapo. Njia ya kuchagua aliye karibu ina upofu wake: ilipoiunganisha Arusha, Singida haikuwa kwenye mti bado. Sasa ipo. Kata tawi la Arusha, kisha uliza tena: kutoka kwenye mti uliobaki, Arusha iko umbali gani? Kutoka Singida ni km 330, dhidi ya km 430 za Dodoma. Hamisha.

Mti mpya ni km 2,090. Tumeokoa kiungo kizima cha Dodoma–Arusha na km 100. Fanya hivyohivyo kwa kila jani, Dar, Mbeya, Mwanza, na ukiona hakuna tena cha kuhamisha, simama. Kwenye karatasi ni kazi ya dakika kumi.

Arusha imepoteza kidogo: njia yake imekua kutoka km 430 hadi 570. Mwanga ndani ya kioo huchukua takriban maikrosekunde 5 kwa kilomita, kwa hiyo nyongeza ni milisekunde 0.7. Hakuna mtazamaji atakayeiona. Lakini kama Singida isingekuwa na splita, hesabu ingegeuka: ungelazimika kutumia rangi mbili kati ya Dodoma na Singida, moja ya Mwanza na moja ya Arusha, na hapo mti mrefu wa hatua ya tatu ungekuwa bora. Ndiyo maana tuliandika splita kwenye ramani mapema.

Hatua ya 5: Hesabu mwanga unaobaki

Mti mzuri kwenye karatasi unaweza kufa njiani kwa kukosa mwanga. Splita haizalishi chochote, inagawa kilichopo. Desibeli ni kipimo cha kupungua au kuongezeka kwa nguvu: ukigawa mara mbili kila upande unapungua desibeli 3, mara tatu desibeli 4.8, mara nne desibeli 6. Splita halisi huongeza upotevu wake kidogo, kwa hiyo kwenye mgawanyo wa mbili mimi huandika 3.5.

Mwanga wa kwenda Mwanza unagawanywa mara tatu Dodoma (Morogoro, Iringa, Singida) na mara mbili Singida. Hiyo ni desibeli 7.8 (4.8 + 3) kabla hujahesabu upotevu wa ziada wa splita na kioo chenyewe. Kioo hupoteza karibu desibeli 0.2 kwa kilomita, na ukiweka viungio na marekebisho ya miaka ijayo andika 0.25. Kila km 80 umepoteza desibeli 20, na hapo ndipo amplifaya hukaa. Singida–Mwanza ni vipande sita vya namna hiyo.

Amplifaya inakuza mwanga, na inakuza kelele pamoja nao. Ukiingiza mwanga dhaifu kwa kuwa umegawanywa mno, utatoka na nguvu nzuri kwenye kipimo lakini kelele imeshaumeza. Fundi anayeangalia nguvu peke yake atasema laini ni nzima, wakati data inafika na makosa. Pima uwiano wa mwanga kwa kelele kwenye kila jani. Jani la karibu halikuambii chochote kuhusu jani la mbali.

Kuna kingine kinachosahaulika. Kwenye nyuzi za kawaida, mapigo ya mwanga hutanuka na kutawanyika karibu pikosekunde 17 kwa kila nanomita kwa kila kilomita. Kwa rangi za Gbps 10 za kizamani mtawanyiko huo lazima ufidiwe, na kwenye mti kila jani lina umbali wake: Dar km 450, Arusha 570, Mbeya 610, Mwanza 700. Fidia moja iliyowekwa Dodoma haiwezi kuwafaa wote. Iweke kwenye kila tawi. Vifaa vya kisasa vya Gbps 100 hurekebisha hili kwa hesabu ndani ya kipokezi, na ukivipata umepumzika.

Ushauri wangu kwenye mzizi: kama bajeti inaruhusu, usigawe mwanga Dodoma kabisa. Weka transmita (vifaa vinavyotoa mwanga) tatu, moja kwa kila tawi, zote zikilishwa data ileile. Unaokoa desibeli 4.8 pale pale, na kwenye hatua ya tisa utaona faida kubwa kuliko hiyo.

Mji wa katikati ukitaka kuonja tu, mathalani Morogoro nayo ikiomba picha hizo, usiweke splita ya nusu kwa nusu. Weka ya kumi kwa tisini: Morogoro inapata asilimia 10, yaani desibeli 10 pungufu, na mwanga unaoendelea Dar unapungua nusu desibeli tu.

Hatua ya 6: Gawa rangi zilizobaki

Sasa studio haiko peke yake. Makundi manne yanaomba rangi:

Studio: Dodoma kwenda Dar, Mbeya, Arusha na Mwanza. Inaomba rangi 4.
Chuo: Dodoma kwenda Arusha na Mwanza. Kinaomba rangi 3.
Hifadhi: kituo cha data cha Dar kwenda Mwanza na Mbeya. Kinaomba rangi 3.
Hospitali: Dodoma kwenda Mbeya peke yake. Inaomba rangi 2.

Ukioteshea Hifadhi mti kwa njia ileile ya hatua ya tatu na ya nne unapata Dar–Morogoro–Dodoma–Singida–Mwanza, na tawi la Mbeya linatoka Dodoma kupitia Iringa (km 610), kwa kuwa kulitoa Morogoro ni km 650. Urefu wake wote ni km 1,760.

Viungo viwili ndivyo vyenye shida. Dodoma kwenda Singida zimebaki rangi 9, na wanazitaka Studio, Chuo na Hifadhi. Dodoma kwenda Iringa zimebaki 6, na wanazitaka Studio, Hifadhi na Hospitali. Kwingine kote kuna 10.

Kosa la kwanza la mgawaji ni kugawa kila kiungo kivyake. Kwenye Dodoma–Singida angewapa watatu rangi 3 kila mmoja na kuona ametenda haki. Lakini mti wa mwanga hubeba kiasi kilekile kwenye matawi yote, na Studio na Hifadhi zinabanwa 2 kule Iringa. Rangi zao za tatu zingewashwa upande mmoja bila kumfikia kila mpokeaji.

Njia sahihi ni ya kujaza maji. Fikiria kila kundi ni chombo, na unamimina kwa wote sawasawa, rangi mojamoja. Kiungo chochote kikijaa, makundi yote yanayopita hapo yanasimama kwenye kiwango walichofikia, wengine wanaendelea. Anayetosheka na ombi lake naye anasimama.

Rangi ya kwanza: wote wanapata 1. Ya pili: wote 2. Hapo Dodoma–Iringa imejaa (2 + 2 + 2 = 6). Studio na Hifadhi zinasimama, Hospitali nayo inasimama, na bahati nzuri ilikuwa inataka 2 tu. Chuo hakipiti Iringa, kinaendelea mpaka 3 na kutosheka. Matokeo: Studio 2 kati ya 4, Chuo 3 kati ya 3, Hifadhi 2 kati ya 3, Hospitali 2 kati ya 2.

Mgawo huu una sifa nzuri: huwezi kumwongezea yeyote bila kumpunguzia aliye na sawa naye au pungufu. Wataalamu huuita haki ya kumwinua wa chini kwanza. Lakini mwenye studio atakuja na hoja, na hoja yake ina uzito: "Mimi nahudumia miji minne, hospitali inahudumia mmoja, mbona tunapewa sawa?"

Arnaud Legout, Jörg Nonnenmacher na Ernst Biersack walilitafutia jibu swali hilo mwaka 2001. Kumpa mtu uzito kwa idadi ya wapokeaji moja kwa moja ni hatari, kwa kuwa kundi la wapokeaji mia lingemeza kila kitu. Wao walipendekeza uzito ukue polepole: 1 jumlisha logariti asilia ya idadi ya wapokeaji. Studio yenye wanne inapata 2.39, Hifadhi yenye wawili 1.69, Hospitali 1. Jumla ni 5.08. Gawa rangi 6 kwa uzito huo: Studio 2.82, Hifadhi 2.0, Hospitali 1.18. Rangi haikatwi vipande, kwa hiyo ni 3, 2 na 1.

Studio imefurahi. Hospitali sasa ina nusu ya ilichoomba.

Ili usibishane kwa hisia, pima. Fahirisi ya Jain, ya mwaka 1984, inafanya kazi hii vizuri: kwa kila kundi chukua ilichopata ugawe kwa ilichoomba, jumlisha uwiano hizo kisha uzidishe jumla kwa yenyewe, gawa kwa idadi ya makundi mara jumla ya mraba wa kila uwiano. Jibu likiwa 1, wote wametimiziwa kwa kiwango kimoja. Mgawo wa sawasawa unatoa 0.93, mgawo wa uzito 0.94. Tofauti ni ndogo mno, ila ndani yake kuna hospitali iliyoshuka kutoka rangi mbili hadi moja. Soma namba ya Jain, kisha soma orodha ya majina. Mimi nisingesaini mgawo wa pili kwa sababu ya sehemu moja ya mia ya fahirisi.

Hatua ya 7: Kabla ya kubishania kanuni, hamisha tawi

Rudi kwenye ramani. Nani anabana Dodoma–Iringa? Hospitali haina njia nyingine ya maana. Studio ingeweza kwenda Mbeya kupitia Morogoro. Na Hifadhi? Inatoka Dar, na inapita Morogoro kabla hata haijafika Dodoma. Tuliipeleka Mbeya kupitia Dodoma kwa sababu moja tu: kilomita 40 pungufu.

Toa tawi lake Morogoro: Morogoro–Iringa–Mbeya. Mti wa Hifadhi unakua kutoka km 1,760 hadi 1,800, na Morogoro kuna splita. Sasa mimina maji upya.

Wote 1, wote 2, Hospitali imetosheka. Dodoma–Iringa sasa ina Studio na Hospitali peke yao, rangi 4 kati ya 6, kwa hiyo hakuna aliyesimamishwa. Rangi ya tatu: Studio 3, Chuo 3, Hifadhi 3. Dodoma–Singida imejaa, 9 kamili. Iringa–Mbeya inabeba 3 + 3 + 2 = 8 kati ya 10, Singida–Mwanza 9 kati ya 10. Tumemaliza.

Studio 3 kati ya 4. Chuo, Hifadhi na Hospitali wamepata vyote walivyoomba. Fahirisi ya Jain: 0.99. Hakuna aliyepunguziwa hata rangi moja kulinganisha na mgawo wa kwanza, na gharama ni milisekunde 0.2 kwenye nakala za data ambazo hakuna anayezitazama moja kwa moja.

Hili ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Kanuni ya mgawo inagawa uhaba ulioukuta. Aliyechora njia ndiye aliyeuweka uhaba huo mahali ulipo, mara nyingi bila kujua, akifuata kilomita. Kwa hiyo ukishamimina maji mara ya kwanza, andika kiungo kilichojaa kwanza, orodhesha miti inayopita hapo, na kwa kila mmoja tafuta njia ya pili isiyozidi, tuseme, asilimia 10 ya urefu wa mti. Jaribu mojamoja. Ukikosa kabisa, hapo ndipo muite mwenye studio na mwenye hospitali mkae mezani na uzito wenu.

Hatua ya 8: Paka rangi

Idadi ya rangi umeipata. Sasa ni rangi zipi. Bila vibadilisha rangi, tawi lote kutoka kwenye transmita yake mpaka majani lazima litumie rangi ileile. Anza na mti mkubwa kuliko yote, kisha mpe kila mmoja namba ya chini kabisa iliyo wazi kwenye viungo vyake vyote.

Tuseme rangi za Dodoma–Iringa zilizo wazi ni 1 hadi 6, za Dodoma–Singida ni 1 hadi 9. Studio inachukua 1, 2, 3. Chuo kinachukua 4, 5, 6. Hifadhi, inayokutana nao wote wawili Dodoma–Singida, inachukua 7, 8, 9. Hospitali haikutani na Chuo popote, kwa hiyo inarudia 4 na 5. Rangi tisa zimehudumia maombi kumi na moja.

Angalia ilivyokuwa rahisi kwa Hifadhi kuwa imehama. Ingebaki Dodoma–Iringa, isingeweza kamwe kutumia 7 hadi 9, kwa kuwa huko hazipo.

Hatua ya 9: Ilinde miti mikubwa isikataliwe kila siku

Mgawo wa leo ukiwa wa haki, bado kuna udhalimu unaojificha kwenye maombi ya kesho. Chukua mtandao wenye rangi 16 kwa kila uzi, nusu zikiwa na watu muda wowote, kwa bahati nasibu. Anayeomba kiungo kimoja anakosa rangi mara moja au mbili katika kila laki moja. Mti wa Studio una viungo saba, na lazima rangi ileile iwe wazi kwenye vyote saba: uwezekano wa rangi moja kuwa wazi ni chini ya asilimia 1, na ombi hukataliwa asilimia 88 ya nyakati. Mtandao uleule, siku ileile.

Sasa rudisha zile transmita tatu za Dodoma. Kila tawi linajitafutia rangi yake: la Dar viungo viwili, la Mbeya viwili, la Singida vitatu. Mawili ya kwanza hukataliwa asilimia 1 kila moja, la tatu asilimia 12. Mti mzima unakataliwa karibu asilimia 14. Kutoka 88 hadi 14, kwa kuongeza transmita mbili. Hesabu hii huchukulia kwamba viungo havitegemeani, jambo ambalo kwenye mkongo halisi si kweli kabisa, lakini mwelekeo wake haubadiliki.

Ambako huwezi kuongeza transmita, tenga rangi. Kati ya 16, acha mbili au tatu ambazo maombi ya kiungo kimoja hayaruhusiwi kuzigusa. Hao wadogo hawataumia: wana njia nyingi za kupata.

Hatua ya 10: Wanaoingia, wanaotoka, na siku faiba inapokatika

Mpokeaji mpya muunganishe kama jani: tafuta kituo cha karibu kwenye mti chenye splita na mwanga wa akiba. Jihadhari na jambo moja. Ukibadilisha splita ya mbili kuwa ya nne wakati mti uko hewani, unakata huduma kwa waliopo, na wakirudi wanakuta mwanga umepungua desibeli 3. Singida, ambako unajua Shinyanga au Tabora wataomba siku moja, funga splita ya nne tangu mwanzo na uzibe matundu mawili yanayobaki. Hesabu ya hatua ya tano uifanye kwa hali hiyo.

Anayetoka, zima tawi lake mpaka kwenye splita ya kwanza inayohudumia wengine, usonge mbele. Baada ya watano au sita kuingia na kutoka mti unakuwa umepinda. Rudia hatua ya tatu mpaka ya nane usiku wa matengenezo, ukiwasha tawi jipya kwanza ndipo uzime la zamani. Rangi ya 10 kwenye Singida–Mwanza tuliiacha wazi kwa kazi hiyo.

Kwa faiba kukatika, andika leo, kwenye ukurasa uleule wa ramani, tawi mbadala la kila kiungo. Dodoma–Singida ikikatwa na greda la barabara, Arusha inapokea moja kwa moja kutoka Dodoma, km 430, na Mwanza inalishwa kutoka Arusha kupitia Singida, km 790. Kwa njia hiyo Arusha lazima iwe na splita, na Arusha hatukuiwekea. Ongeza kwenye orodha ya manunuzi.